Skrubu zinazoyeyuka mwilini, za operesheni ya kinundu cha mguu

BintiKirumba: Wadau habari. Mama ana kinundu pembeni ya kidole gumba cha mguu, kidole chenyewe kimeshalalia mwenzake, na kutwa yuko soko la samaki la Mwaloni na dagaa wake kavaa mabuti ya mpira, jioni pamevimba pekundu. Ndugu yetu wa Ujerumani anasema kuna skrubu za chuma cha magnesiamu zinaisha zenyewe mwilini. Kweli hii au stori?

Fundi Mifupa: Kweli kabisa. Mfupa unakatwa, unasogezwa unyooke, halafu ndo unafungwa skrubu. Ya magnesiamu inaliwa pole pole na maji ya mwili mfupa ukijaza nafasi, ila inachukua mwaka na zaidi, so usitegemee miezi miwili. Kuna ya Wajerumani, Magnezix, ilipata kibali cha Ulaya 2013. Sasa ikiwa inaisha inatoa gesi ya haidrojeni, kwenye eksirei unaona weusi kuizunguka, daktari asiyeijua anaweza kudhani ni usaha, kwa hiyo karatasi ya operesheni itunzwe.

Sangara_Mzee: Kwani skrubu za kawaida za titani zina shida gani? Watu wanazikwa nazo, zinatolewa zikichokoza tu. Aanze na viatu vipana bwana.

BintiKirumba: Vipana tumejaribu, shida kubwa ni hayo mabuti. Akikatwa atakaa muda gani?

Fundi Mifupa: Wiki sita hivi na kiatu maalumu kigumu, dagaa atafute wa kumuuzia. Muulizeni daktari wa mifupa pale hospitali ya Bugando, na bei ya skrubu za aina zote mbili mapema.