Mjadala: Shamba likituama maji Ruai, tupande mikaratusi au tuchimbe mitaro?

Mvua ya masika imewagawa wakulima wa Ruai na Kamulu. Kuna wanaotaka kila mwenye shamba apande mikaratusi mpakani ili inyonye maji. Mimi napinga, na hoja yangu ni hii.

Udongo wetu huku mashariki mwa Nairobi ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka hadi mkono unazama kwenye ufa. Ukishalowa huvimba, nyufa zikajifunga, na maji hayapenyi tena. Kwa hivyo kinachotuama ni maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda, wala si maji yaliyopanda kutoka chini. Asiyeamini achimbe shimo la kufika kiunoni kando ya dimbwi. Mara nyingi atakuta tope juu, na chini jembe linatoa mabonge makavu.

Sikatai kwamba mkaratusi hunywa maji mengi. Lakini mche huchukua miaka kabla ya kunywa kiasi cha maana, na mahindi hayana muda huo. Yakisimama majini siku chache tu, mizizi hukosa hewa, nitrojeni hupotea, majani ya chini yanageuka manjano. Kinachoyaokoa ni matuta yaliyoinuliwa na mtaro wenye mteremko. Halafu kiangazi kikija, mti uko palepale, unagombania na mahindi unyevu kidogo uliobaki.

Mkulima, Kamulu: Mbona hutaji Australia Magharibi? Walifyeka miti ya asili, mikaratusi ikiwemo, wakalima ngano. Maji ya chini yakapanda na chumvi, mashamba yakaharibika. Ushahidi gani mwingine unautaka kwamba mti hushusha maji?

Mwanzilishi: Ndugu yangu, mfano huo ni wa kweli. Ila kule mvua ilipenya, ikajaza maji ya chini kwa miongo mingi hadi yakapanda. Tatizo lilitoka chini, ndiyo maana mizizi mirefu ilikuwa kinga. Letu liko juu.

Msomaji, Kikuyu: Nyinyi mnalilia maji mengi, sisi tunalilia yanayopungua. Kinamasi cha Ondiri, hapa kwetu Kikuyu, ndicho chanzo cha Mto Nairobi, na mkaratusi ukiupanda ukingoni, mizizi inafikia maji ya chini moja kwa moja. Mwaka wa 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Si rahisi kumshawishi mtu, maana mti huo ni pesa: nguzo za stima, kuni za viwanda vya chai. Lakini tafadhali, mkiupigia debe semeni pia ni wa wapi. Huku usije.

Mama mwenye ploti, Ruai: Mitaro ni sawa, kaka, lakini mimi nina ploti ya futi hamsini kwa mia na jirani yuko juu yangu. Mtaro wake unaishia kwenye sukuma wiki yangu. Aprili 2024 maji yalinifikia mlangoni. Wa kuchimba mtaro wa sisi sote ni nani?

Mwanzilishi: Dada, swali lako ndilo zito kuliko la mti. Mtaro wa mtu mmoja humhamishia jirani mafuriko. Waliokata mashamba makubwa kuwa ploti waliacha barabara, njia ya maji hawakuiacha, na pengine ploti zimekaa juu ya vijito vya msimu. Napendekeza tutembee pamoja wakati mvua ingali inanyesha, tupige vigingi pale maji yanapopita yenyewe, kila mmoja aachie ukanda huo, kisha tuipelekee kaunti ramani yetu. Kandokando ya mto tupande mikuyu na mianzi. Asiyekubali kuachia ukanda, aandike hapa sababu yake tuijadili.