Mrejesho: yule kijana aliyesema Injili ni hadithi za baadaye

Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri. Kijana wa kikundi chetu hapa Arua, Uganda, alirudi likizo akisema Injili ziliandikwa muda mrefu baada ya Yesu, nami nikamjibu tu, "Wewe amini." Mliniambia nisome naye. Asanteni sana!

Tuliketi chini ya mwembe Jumamosi mbili. Tulianza na 1 Wakorintho 15. Hata wasomi wasioamini wanakubali kuwa barua hiyo ni ya Paulo, ya miaka ya 50, yaani miaka 20 na ushee baada ya msalaba. Katika mstari wa 3 anasema aliwapa yale aliyoyapokea, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Basi ushuhuda ulitangulia barua. Kijana aliweka kidole kwenye neno "niliyoyapokea", akanyamaza kitambo. Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo, tulimgusia tu: naye aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato.

Kisha likaja swali lenyewe. Mama wa kijana huyo alikimbia vita Sudan Kusini. Mungu alikuwa wapi? Hapo sikuwa na hoja, tulisoma taratibu Zaburi ya 88, kilio cha mtu anayemuuliza Mungu mbona amemficha uso, tukalia.

Jumamosi ijayo ameomba aongoze yeye.