Ukipakwa rangi ni wao, ukivunjika ni wangu!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana wa kamati ya wamiliki sina haja ya kumtaja, kwa maana kila aliyewahi kununua nyumba katika jengo la umiliki wa pamoja anamjua. Leo, mbele ya mkutano mzima, amenitazama usoni na kutamka: "Mlango wa gereji ukivunjika ni wako." Ni yeye huyuhuyu aliyeniamuru kuondoa rangi niliyoupaka mlango huo, akidai kwamba uso wake wa nje ni mali ya wamiliki wote na haupaswi kutofautiana na mingine. Sura yake ni ya jumuiya nzima, maradhi yake ni yangu peke yangu!

Kilichokatika ni springi ya juu, ile inayobeba uzito wa mlango. Springi za kawaida hutengenezwa kuhimili mizunguko ipatayo 10,000 (kufungua na kufunga ni mmoja), kwa hiyo mlango unaofunguliwa mara nne kwa siku huimaliza kwa miaka saba hivi, hata ungeubembeleza kama yai. Gari langu limefungiwa ndani, na kamati imenikataza kuleta fundi kwa kuwa "sehemu ya nje ni ya pamoja". Halafu, mbele ya mkutano mzima, ukivunjika ni wako! Nilipodai anioneshe kifungu katika hati ya jengo, alisema kipo, akafunga faili, na watu wazima wakampigia makofi ambayo nadhani yalisikika hadi mwezini. Ni wako!

Jirani wa Juu: Pole, mkuu, lakini hati unayo wewe pia, kwa nini usubiri afungue faili lake? Mlango unaohudumia nyumba moja mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya pamoja iliyotengwa kwa matumizi ya nyumba hiyo, na hati ndiyo inayoamua nani alipe. Sheria ya mfano iliyoandaliwa Marekani mwaka 1980, yaani kielelezo ambacho majimbo yanaweza kukiiga, inaiweka milango ya nje katika kundi hilo. Huenda gharama ni yako kweli. Kukunyima fundi ndiko uonevu.

Mlinda Ngazi: Mtu mzima unalilia springi! Na usiiguse mwenyewe, imekazwa kiasi cha kuvunja mkono. Mimi mlango wangu wa kuingilia ni wa kuzuia moto na unatakiwa kujifunga wenyewe, lakini kile kifaa cha kuufunga kimekufa na kamati inasema ni changu, wakati moto ukitoka kwangu utaingia kwenye korido yao.

Dari Bovu: Afadhali ninyi mna milango. Maji ya roshani ya juu yananidondokea kitandani, mwenye roshani anasema sakafu ni ya jengo, kamati inasema ni ya mwenye roshani. Nani amewahi kushinda kesi ya roshani hapa?

Mlinda Ngazi: Roshani au bomba? Weka picha tuone.