Dawa ya sumu ya nyoka: ishuke hadi kituo cha afya daraja la tatu?

Mwanzisha mada, Arua, Uganda
Wadau, mkulima kaumwa na kifutu jioni. Kituo cha daraja la tatu kiko kilomita nne, hospitali yenye dawa iko arobaini. Kituoni anachomwa sindano ya pepopunda na kuandikiwa rufaa. Nauli hana. Mganga mwenye jiwe jeusi, lile linalosemwa hunyonya sumu, ni jirani yake. Aache kwenda huko? Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, likitaka vifo vipungue nusu ifikapo 2030. Dawa ishuke vituoni.

Nesi, daraja la tatu
Kaka, umeshawahi kuichoma? Nyingi hutokana na damu ya farasi, na mwili unaweza kuikataa ndani ya dakika chache: midomo inavimba, kifua kinabana, presha inaporomoka. Usiku niko peke yangu na mama mwenye uchungu. Huyo atasimamiwa na nani?
Tena si kila aliyeumwa anaihitaji. Damu kidogo kwenye chupa ya kioo safi na kavu, iache dakika 20 bila kuigusa. Ikibaki maji, sumu imeingia. Ila koboko (nyoka, si wilaya!) hakamatwi hivyo, kwa aliyeumwa naye tazama kope zinazolegea.

Mwendesha boda, Yumbe
Mimi ndiye ninayewabeba. Kuna kijana nilimchukua mguu umekazwa kwa tyubu ya baiskeli tangu asubuhi, vidole vyeusi, chale za wembe kila mahali. Nyoka mwenyewe alikuwa ameshauawa, na ni wa aina ya nyoka wa nyumbani asiye na sumu. Mguu ulikatwa kwa sababu ya ile tyubu. Nyinyi mnabishania dawa ikae wapi.

Mwanzisha mada
Nesi, hapo kwa mama mwenye uchungu umenishinda. Basi daraja la nne, kwenye daktari na chumba cha upasuaji. La tatu lipewe vichupa vya kupimia, na wilaya imlipe boda mafuta. Chini ya hapo sikubali.

Nesi
La nne sawa, adrenalini (ya kumwokoa ambaye mwili wake umeikataa dawa) ikiwa mezani. Lakini someni lebo kabla ya kununua. Kuna dawa zinazouzwa Afrika zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India, na hizo kwa koboko wetu ni maji tu.