Je, maji yenye chembe za nano za fedha hudhuru ini?

Mama wa Kadutu:
Nawasalimu nyote kutoka Bukavu. Kwa miezi miwili sasa mdogo wangu anakunywa kila asubuhi kijiko cha maji yenye chembe ndogo mno za fedha, yanayoitwa «argent colloïdal», aliyouziwa sokoni kama dawa ya tifoidi. Ni chupa ndogo ya kahawia, na lebo yake haina kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwanangu anayesoma chuoni anasema chembe hizo huua seli za ini. Muuzaji anajibu kwamba watu huvaa pete za fedha hadi uzeeni bila kuugua. Naomba mnieleze, nani mkweli?

Fundi wa maabara, Ibanda:
Mama, mwanao amesema kweli, ila ni lazima tujue kweli hiyo inaishia wapi. Pete ni kipande kimoja kizima, na fedha iliyo ndani yake haiguswi na kitu. Chembe ya nano ina upana wa kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa udogo huo sehemu ya fedha iliyo juujuu ni kubwa zaidi sana kuliko kwenye pete, tayari kuyeyuka na kutoa ayoni, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme. Seli huimeza chembe na kuipeleka kwenye lisosomu, kifuko chenye asidi, na humo ndimo inapoyeyuka kwa kasi, ikiwa imekwisha kuvuka utando wa seli.

Ayoni za fedha hushikamana na salfa. Seli za ini hujilinda kwa glutathioni, kemikali ya kinga ambayo ina salfa. Ikishanaswa na fedha, kinga hupungua, mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, hulegea, DNA huharibika, na mwishowe seli hufa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, seli za ini la panya ziliathirika mitokondria zake kwa mikrogramu 5 hadi 50 za fedha katika kila mililita. Nikiwa mwanafunzi nililifanya jaribio la namna hiyo: ukitia MTT, kemikali ya rangi ya njano, vishimo vya sahani ya maabara vyenye seli hai hugeuka zambarau, na vile vilivyotiwa fedha nyingi hubaki na njano yao. Sitausahau mstari ule wa vishimo vilivyokataa kugeuka.

Hata hivyo, seli za kwenye sahani hazina utumbo wa kuzuia fedha isiingie wala nyongo ya kuitoa. Panya waliolishwa chembe za namna hiyo kwa siku 90 walionyesha madhara ya ini walipopewa miligramu 125 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Waliopewa miligramu 30 hawakuyaonyesha. Kwa hiyo kipimo ndicho kinachoamua, na chupa yenu haina kipimo.

Muuguzi, Bagira:
Mama, mimi nahofia zaidi tifoidi yenyewe, kwa sababu isipotibiwa huweza kutoboa utumbo, na fedha hupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya antibiotiki. Muulize pia kama anameza parasetamoli kwa ajili ya homa, kwa maana sumu inayotokana nayo ndani ya ini huondolewa kwa glutathioni hiyo hiyo aliyoitaja fundi. Tangu mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani imekataa kuitambua fedha ya namna hii kuwa dawa salama yenye kufaa, na wanaoinywa kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu-buluu, rangi isiyotoka tena. Aache leo. Mpeleke hospitali pamoja na chupa, aombe kupimwa transaminazi, kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini limeumia, na msichelewe hata kidogo mkiona macho ya njano au mkojo mweusi kama chai.

Mama wa Kadutu:
Asanteni sana. Chupa ninayo mkononi, tutakwenda kesho asubuhi. Je, na kichujio cha udongo tunachochujia maji ya kunywa, ambacho tuliambiwa kimepakwa fedha, nacho nikitupe?

Fundi wa maabara, Ibanda:
Hapana, Mama, usikitupe. Fedha ya kichujio imewekwa kuua bakteria, na kinachovuja kwenye maji ni kidogo sana kikitengenezwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 0.1 kwa lita. Kikiwa kipya, mwageni maji ya mara za kwanza, kwa sababu hayo ndiyo hubeba fedha nyingi zaidi.