Naomba ushauri: njia yenye ucheleweshaji mdogo na gharama nafuu kwenye mtandao mkubwa

FibaYaPwani: Wakuu, heshima kwenu. Niko kwa mtoa huduma wa intaneti mwenye ruta mia kadhaa, kuanzia Dar, Nairobi hadi Kampala. Kuna wateja tumewaahidi Dar–Kampala, kwenda na kurudi, isizidi milisekunde 30. Fiba nyingine ni zetu, nyingine tunakodi, na bei zinapishana mno. Nina njia tatu: ya kwanza gharama pointi 10, milisekunde 40; ya pili pointi 22, milisekunde 30; ya tatu pointi 30, milisekunde 20. Nazidisha ucheleweshaji kwa uzito fulani, najumlisha na gharama, kisha naendesha Dijkstra (kanuni ya kutafuta njia yenye jumla ndogo kabisa). Nibadilishe uzito nibadilishavyo, ya pili haitoki, na ndiyo ninayoitaka. Nifanyeje?

Kokotoa: Mkuu, haitatoka hata ukeshe. Ili ya pili iishinde ya kwanza, uzito uzidi 1.2. Ili iishinde ya tatu, uwe chini ya 0.8. Namba hiyo haipo. Acha kuvichanganya: 30 iwe kikomo, halafu tafuta ya bei ndogo kati ya zinazobaki ndani yake.

FibaYaPwani: Asante mkuu. Ila nasikia ukiweka kikomo, tatizo linakuwa gumu kupita kiasi kwa kompyuta.

Kokotoa: Kinadharia ni kweli. Kwa mtandao wako hapana. Gawa ucheleweshaji katika sehemu za kumi za milisekunde, ukikadiria kwenda juu ili ahadi isivunjwe. Hapo kila ruta ina hatua 300 tu za kukumbuka, kila moja na bei ndogo kabisa ya kuifikia. Hata ruta 500 ni visanduku 150,000, kazi ndogo sana. Kabla ya yote endesha Dijkstra kinyumenyume toka Kampala kwa ucheleweshaji peke yake. Ukifika ruta yoyote, jumlisha ucheleweshaji uliokwisha tumia na ule mdogo kabisa uliobaki hadi Kampala. Ikizidi 30, tupa njia hiyo hapo hapo. Nyingi zitakufa mapema.

Mzee wa NOC: Naongezea, ndugu yangu. Usilishe hesabu hiyo vipimo vya saa za msongamano, njia zitaruka-ruka kila jioni. Chukua kipimo cha chini kabisa cha kila kiungo. Kilomita 1,000 za fiba ni kama milisekunde 5 kwenda, 10 kwenda na kurudi. Ukipima mara mbili ya hapo, mwenye fiba aeleze inapita wapi. Halafu Flex-Algo ya RFC 9350 (kiwango kinachoziachia ruta zenyewe zikokotoe njia kwa kipimo ulichochagua) haitakusaidia hapa: inapunguza kipimo kimoja, ukiiambia ucheleweshaji itakupa ile ya tatu, ya bei ghali. Piga hesabu pembeni kwenye PCE (seva ya kukokotoa njia), kisha njia hiyo ipitishe kwa segmenti rautingi, yaani pakiti ibebe orodha ya vituo vya kupitia. Na njia ya akiba nayo ipewe kikomo hicho hicho cha 30, la sivyo fiba ikikatwa usiku wateja watahamia ile ya milisekunde 40 na hakuna alamu itakayolia.