Naomba ushauri: wasifu wa marehemu mfanyabiashara na kiongozi wa jamii

Wakuu, naombeni ushauri. Tunaandaa kijitabu cha wasifu wa marehemu aliyekuwa na biashara na pia kiongozi wa jamii. Kitakuwa cha kurasa 8, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4; idadi isiyogawanyika kwa 4 huacha kurasa tupu. Picha zilizopita WhatsApp hubanwa na kutoka na ukungu zikichapwa, hivyo za zamani zinaskaniwa upya kwa nukta 300 kwa inchi. Tarehe zinahakikiwa kwenye vyeti, na majina ya watoto yanapitiwa na pande zote za familia kabla ya kuchapa. Jina likisahaulika hapo, linaumiza kwa miaka.

Tatizo ni wasifu wa kusomwa. Dakika 5 ni takriban maneno 500 kwa msomaji asiye na haraka. Je, tufuate mpangilio wa miaka, au biashara na uongozi kila kimoja kipewe sehemu yake? Naegemea la pili: mlolongo wa tarehe huchosha, na wafanyakazi aliowalea kikazi husahaulika. Na wanaomdai, watangaziwe msibani au waelekezwe kimyakimya kwa msimamizi wa mirathi?